Mzee Aliyenituma kwa Mkamwana Wake

Haya yalinipata mimi mwenyewe, na mama ambaye yalimpata pamoja nami yupo hai. Ukitaka kumwuliza, atakujibu. Si kisa cha rafiki wa rafiki. Nimejaribu kukiandika mara nyingi nikakifuta, kwa sababu kila nikikisoma naona kuna mahali nimejipendelea. Safari hii sifuti. Ukifika mahali ukaniona mjinga, jua ndivyo nilivyokuwa.

Mimi ni mtu wa Kilifi, kule Kenya. Nimekulia kando ya hori lenye mikoko, katika nyumba ya Kiislamu, kwa mama mkali wa adabu. Kwetu, kijana akimkosea heshima mwanamke mtu mzima, habari humfikia mama yake kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Niko Tukuyu kwa masomo. Chuo sikitaji, hakina kosa lolote. Nimepanga chumba kwa Mama Lugano, upande wa Mpuguso. Mumewe ni dereva wa lori la ndizi, nyumbani anapita tu kubadilisha nguo. Lugano, mtoto wao wa kwanza, anafanya kazi Mbeya. Aliyebaki ni Atupele, binti wa pili, umri wangu, mdomo wake hauna breki. Mama Lugano ni mpole, mnene kidogo, goti lake moja linamsumbua. Tangu nifike alinichukua kama mwanawe.

"Mwanangu, kula," alikuwa akiniambia huku akiniongezea ndizi na maharage. "Huko kwenu mlikuwa mnakula nini, mbona mifupa mitupu?"

"Wali, mama. Na samaki."

"Ndiyo maana unasikia baridi. Samaki naye anaishi kwenye maji, atakupa joto gani?"

Nilimpenda mama huyu. Nasema hivi mapema ili usije ukadhani nilichomfanyia nilikifanya kwa chuki.

Chini ya kijiji kuna ziwa dogo, lile la shimo la volkano, limezungukwa na miteremko mikali. Watu walikuwa wamelima viazi na kabichi hadi kwenye mdomo wa maji, udongo ukawa unaporomoka kila mvua, maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Wanakijiji wakakubaliana kuurudishia ukingo matete na miti yake ya asili, na wanafunzi tukaombwa kujitolea Jumamosi. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nyumbani nilishawahi kujitolea kupanda mikoko, kazi niliyojifunza peke yangu, kwenye simu, video baada ya video. Hakuna mtu aliyenifundisha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana shida moja: hana wa kumwambia basi, umefanya vizuri, nenda kalale. Mimi kila nilichofanya nilikirudia. Nilifunga kamba kwenye vijiti, nikapanda matete kwa mistari iliyonyooka kama mikeka ya msikitini.

Atupele alikuwa akinicheka mbele ya watu. "Wewe Mkenya, unapanda majani au unapanga gwaride? Yakishaota yatalaliana yote, hiyo mistari yako ataiona nani?"

"Nitaiona mimi."

"Basi endelea, afande."

Jumamosi ninayoisimulia, mvua ya manyunyu ilianza baada ya chakula cha mchana na ukungu ukashuka. Kama hujawahi kukaa Rungwe huwezi kuujua ukungu huo. Hauji kama moshi. Unakuja kama mtu anayefunga milango ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, mpaka unabaki na chumba kimoja tu, hicho ulimosimama. Wenzangu walikusanya majembe wakaondoka. Nilimwambia Atupele atangulie, nimesahau kisu. Uongo. Nilibaki kwa sababu kuna kipande ambacho akina mama wa jirani walikuwa wamepanda kwa kupindapinda, na nilikuwa sijapata raha tangu asubuhi. Nilitaka kuking'oa na kukipanda upya bila wao kujua. Ndiyo, mtu mzima na akili zangu. Naona haya hata kuliandika.

Nikiwa nimeinama nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu.

Alikuwa mzee mrefu, amevaa koti la mvua la kijani, lile la kizamani lenye vifungo vikubwa, na gambuti. Mkononi alishika mwavuli uliofungwa. Mvua inanyesha, na mwavuli hakuufungua. Nilidhani umeharibika.

"Gwe, wewe kijana," akasema. "Unang'oa walichopanda wenzako?"

"Nanyoosha tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe si wa huku."

"Hapana, natoka Kenya."

"Mkenya!" Akacheka mpaka akakohoa tena. "Halafu unasema shikamoo? Wamekuokota wapi?"

Nikacheka pia. Niamini, hakukuwa na kitu chochote cha kutisha kwake. Alikuwa na Kiswahili kizito cha wazee wa huku, na harufu ya blanketi lililokaa karibu na moto. Akaniuliza nalala kwa nani. Nikamwambia, kwa Mama Lugano.

"Yule mwenye goti."

"Ndiyo. Mnafahamiana?"

"Kufahamiana?" Akatikisa kichwa. "Yule mwanamke amenipikia miaka yote hiyo, na uso wake siujui."

Nilidhani ni utani wa wazee. Ungedhani nini?

Akaniambia nimpeleke kwa Mama Lugano, kwa sababu ukungu ni mwingi na ana neno la kumfikishia. Nikamwambia twende, atasema mwenyewe. Akanitazama kama nimesema upuuzi.

"Mimi sisemi naye. Yeye hasemi nami. Maneno yetu yanapita kwa mtu mwingine. Wewe mgeni unafaa, huna upande. Sikiliza. Utasema hivi: Baba anasema, funua kichwa, geuka, unitazame. Imetosha. Haya, rudia."

Nikajisikia moto masikioni. Nikayanong'ona.

"Sauti!"

Nikayasema kwa sauti, nikiangalia kama kuna mtu kwenye ukungu anayetusikia.

"Hivyo hivyo," akasema. "Usiongeze, usipunguze."

Sasa jiweke mahali pangu. Kijana mgeni, umepokelewa vizuri kwenye nyumba ya watu, mwenye nyumba yuko safarini na lori, halafu unaambiwa uende ukamwambie mkewe, mwanamke sawa na mama yako, funua kichwa, geuka, unitazame. Haya ni maneno ya namna gani? Nilijiuliza kama mzee amelewa. Nilijiuliza kama kuna jambo la zamani kati yao ambalo si langu kulijua. Na palepale, kabla hatujapiga hata hatua moja, nilishaamua moyoni kwamba maneno hayo nitayalainisha. Kunyoosha ilikuwa ndiyo kazi yangu.

Tukapanda. Njia ni nyembamba, inapita kwenye mashamba ya chai, hivyo mimi nilitangulia na yeye akaweka mkono begani kwangu. Mkono mwepesi, kama ndege ametua. Mbele kidogo tukakutana na mama mmoja amebeba kuni kichwani. Nilimjua, ni mke wa mdogo wake Baba Lugano, anakaa nyumba ya chini. Nikafungua mdomo kumwamkia. Yule mama alitutazama, akautupa mzigo wa kuni, akavuta kanga ikamfunika kichwa mpaka kidevuni, akatoka njiani akaingia kwenye chai, akachuchumaa na kunipa mgongo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakugeuka.

Niliona aibu ambayo siwezi kuieleza. Nilijiuliza nimefanya nini. Nilijinusa. Nilikagua zipu ya suruali, ndiyo, niliikagua, nikiwa natembea. Nikawaza labda ameona nilivyong'oa matete yao na habari zimeshasambaa. Mzee nyuma yangu alipumua tu. Baadaye wakapita watoto wawili wenye madumu ya maji, wakanisalimia mimi, "Shikamoo kaka," wakaendelea. Nikawaona hawana adabu, wamemruka mzee mzima. Nilitaka hata kuwarudisha. Unaona mtu anavyoweza kuwa na macho na asione?

Tulipofika nyumbani Atupele hakuwepo; Mama Lugano alikuwa anatoka jikoni na sufuria. Aliinua kichwa, tabasamu lake likiwa tayari limeshaanza. Halafu akaangalia juu kidogo ya bega langu.

Sufuria ikaanguka. Ndizi zikamwagika kwenye tope. Akajifunika kanga, akakimbia na lile goti lake baya mpaka nyuma ya migomba, akachuchumaa, mgongo kwetu, kichwa chini.

Mkono begani ukanibonyeza. "Mwambie."

Nikasema. Ndugu msomaji, nilisema hivi: "Mama, samahani. Kuna mzee hapa anakusalimia sana. Anasema pole na kazi."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye majani ya migomba. Kisha sauti yake ikatoka kule nyuma, nyembamba kama ya msichana.

"Amesema nini?"

Alinipa nafasi. Elewa hapo. Aliniuliza. Na mimi, niliyekwisha kulainisha mara moja, niliona nikibadilisha sasa nitaonekana mwongo, na nikionekana mwongo ni vibaya kuliko kuonekana sina adabu.

"Anakusalimia tu, mama. Anasema pole na kazi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Haya," mzee akasema nyuma yangu. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyesubiri gari, likampita limejaa. Mkono ukaondoka begani. Nilipogeuka kumkaribisha akae, palikuwa na uwanja mtupu na ukungu, na mbwa wa nyumba ile, ambaye humbwekea kila mtu hadi mchungaji, amelala kifudifudi amekunja masikio.

Nilifikiri ameondoka kwa haraka. Wallahi, hivyo ndivyo nilivyofikiri. Mpaka hapo bado nilijiona kijana mwenye busara aliyeepusha fitina.

Kuanzia jioni ile Mama Lugano hakukaa tena chumba kimoja na mimi. Chakula changu kilikuwa kinawekwa mlangoni kwenye kigoda, kimefunikwa. Nikiingia uwanjani yeye anatoka kwa mlango wa nyuma. Nikimkuta njiani anajifunika na kuniachia njia. Kicheko chake kikawa hakisikiki nyumbani. Usiku alikuwa anakwenda kulala kwa jirani, na baridi ile, na goti lile, kwa sababu chumba changu na chake vinatenganishwa na ukuta mmoja tu.

Na Atupele akanigeuka. "Umemfanya nini mama yangu?" aliniuliza, hana utani hata chembe.

"Sijamfanya kitu."

"Mtu mzima hakimbii nyumba yake bure. Baba akirudi utamweleza wewe."

Unaelewa alichokuwa anafikiri? Mimi nilielewa, na nilitamani kufa. Mimi niliyeogopa kuonekana sina adabu, sasa nilikuwa naonekana mchafu. Niliandika ujumbe wa kumwomba Mama Lugano msamaha, nikaufuta, nikauandika tena, nikabadilisha neno "samahani" likawa "niwie radhi", nikaufuta. Hakuna hata mmoja niliotuma. Nilianza kutafuta chumba kingine.

Aliyeniokoa, kama ni kuokolewa, ni yule mama wa kuni. Alipata ujasiri wa kusema, akamwambia Atupele. Jumamosi iliyofuata, tukiwa ziwani, Atupele akaja akachuchumaa karibu nami, akajifanya anapanda.

"Wiki iliyopita ulirudi nyumbani na nani?"

"Na mzee mmoja. Hakuniambia jina."

"Amevaaje?"

Nikamweleza. Koti la kijani, vifungo vikubwa. Mwavuli ambao hakuufungua.

Atupele aliacha kupanda. "Lile koti," akasema polepole, "tulimvika kwenye jeneza. Na mwavuli bibi aliulaza pembeni yake. Huyo ni babu. Baba yake baba."

Mikono yangu ilikuwa kwenye maji na sikuweza kuitoa.

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua ila mimi, kwa sababu kwenye nyumba niliyopanga mkwe alishakufa na sikuwahi kuliona likifanyika. Kwa Wanyakyusa wa kizamani, mkamwana, yaani mke wa mtoto wa mtu, hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona anatoka njiani, anajifunika, anampa mgongo. Hataji jina lake. Hasemi naye. Ni heshima, si ugomvi. "Sisi wa sasa tumeacha," Atupele alisema. "Mimi mkwe wangu tutakula naye meza moja na picha tutapiga. Lakini mama ni mama. Aliolewa mdogo, akafundishwa, akashika."

"Na mtu akishakufa?"

"Hapo ndipo shida. Kwenye ukoo wetu mkwe mwenyewe ndiye anayeweza kusema imetosha. Akishasema, mkamwana yuko huru. Babu alikuwa anamwambia bibi kila mwaka, nitamfungulia yule mwanamke, ni mtu mzuri. Kila mwaka anaahirisha. Akafa ghafla. Mama hakuuaga mwili wake. Alilia nyuma ya nyumba kama mwizi."

Halafu akanionyesha kwa kidole, kule juu, nyumba yao kwenye mteremko. "Kaburi la babu liko wapi?"

"Kando ya njia ya kwenda bombani."

"Umewahi kumwona mama akipita njia hiyo?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Kila siku nilimwona akizunguka kwa chini, kwenye utelezi, na ndoo kichwani. Nilidhani anapenda kumsalimia jirani.

"Hawezi kupita mbele ya mkwe wake," Atupele akasema. "Lile goti si ugonjwa. Aliteleza kule chini na ndoo, mvua za mwaka jana. Sasa niambie. Babu alikutuma useme nini?"

Nikamwambia. Funua kichwa, geuka, unitazame. Imetosha.

Aliweka mikono yote miwili kichwani, matope na yote. "Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema... anakusalimia sana. Pole na kazi."

Kwanza alicheka. Kicheko kile cha mtu aliyejigonga. "Kyala! Mungu wangu! Nchi nzima inalalamika Wakenya hawana adabu. Sisi tumeletewa mwenye adabu! Siku moja tu, siku moja, tungepata Mkenya asiye na adabu!" Halafu akaanza kulia, na mimi nikalia, watu wakatutazama wakidhani tumegombana.

Akafuta macho. "Nenda ukamwambie leo hii. Kama mama bado anakukimbia, maana yake babu bado yuko nyuma yako. Bado anasubiri."

"Mwambie wewe."

"Mimi ni mwanawe. Na sikutumwa mimi. Nenda."

Hapa ndipo ninapoona haya zaidi kuliko mahali pengine pote. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, mtu anaweza kulisamehe. La pili nilijua kila kitu. Sikwenda siku ile. Nilijiambia nimelowa, siwezi kusimama mbele yake na matope. Kesho yake nikaona bora niyaseme kwa Kinyakyusa, yatakuwa na uzito, nikamwomba Atupele anifundishe. Akanifundisha huku akinifokea. "Hakusema kwa Kinyakyusa! Alikwambia usiongeze!" Lakini mimi nikawa naona matamshi yangu bado. Nikayafanyia mazoezi chumbani, nikiwa nimeuegemeza mgongo ukutani, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuogopa kuuacha wazi. Nikasema nitangoja Jumapili ijayo, mama atakuwa ametoka kanisani, moyo wake umetulia. Kila asubuhi nilikuwa nachungulia dirishani, nikimwona anajifunika kanga kwa ajili yangu, moyo wangu unatulia: bado yupo, bado kuna nafasi. Unaamini hilo? Mateso yake yalikuwa ndiyo faraja yangu.

Jumapili nilioga, nikavaa shati safi, nikatoka. Mama Lugano alikuwa amekaa mlangoni kwa jiko anamenya ndizi, kanga iko begani, kichwa wazi. Akasikia hatua zangu. Akainua uso.

Akanitazama machoni.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Siku nyingi hatujaongea."

Kwa muda mfupi nilifurahi. Nisamehe, nilifurahi kweli, kama mtoto aliyesamehewa. Kisha nikaelewa kwa nini anaweza kunitazama.

Nikayasema hata hivyo. Kwa Kiswahili, kama nilivyopewa. Baba anasema, funua kichwa, geuka, unitazame. Imetosha. Sauti yangu ilitoka vizuri kabisa, haikukwama popote.

Alikiweka kisu chini. Aliangalia juu ya bega langu, muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Nyuma yako hakuna mtu," akasema.

"Lakini alisema, mama. Yeye mwenyewe. Ziwani. Alinifanya niyaseme mara mbili ili nisikosee."

"Najua alisema. Nilijua siku ile ile. Asingekuja kunisalimia tu, tata yule, baba mkwe wangu, hakuwa mtu wa kupoteza miguu yake. Ndiyo maana nilikuuliza."

"Nilidhani ni matusi, mama. Kwetu..."

"Najua. Umelelewa vizuri." Na alilisema bila kejeli yoyote. Angekuwa na kejeli ningepona. "Sasa hayo maneno ni yako. Ni mazuri, ndaga, asante. Lakini wewe si mkwe wangu."

Akachukua kisu akaendelea kumenya. Nilipokuwa nimesimama pale sijui niende wapi, akanisogezea kigoda. "Kaa. Umekula?"

Sasa nimebakiza nini cha kukueleza? Bado naishi kwake. Nilitaka kuhama, akakataa, akasema watu watasema amenifukuza. Amerudi kulala chumbani kwake, ananitania kama zamani kuhusu mifupa yangu. Baba Lugano alirudi, akaelezwa, akanipa mkono. Hakuna aliyenigombeza. Asubuhi nachota maji mimi, lakini siwezi kuwa nyumbani wakati wote, na kuna siku narudi kutoka chuoni namwona kwa mbali, kule chini kwenye utelezi, ndoo kichwani, anazunguka. Anatembea polepole, mkono mmoja umeshika goti. Njia fupi iko pale pale, imefagiliwa, haina hata jani.

Ukungu ukishuka mchana naacha chochote ninachofanya nakwenda ziwani. Atupele ameshazoea, haulizi. Nasimama ukingoni, uso nimeuelekeza ziwani na mgongo mlimani, nangoja mtu akohoe. Mara nyingine anakohoa kweli, nageuka, ni mtu anatafuta ng'ombe wake. Sijui nitafanya hivi mpaka lini. Masomo yangu yatakwisha, nitarudi Kilifi, na yule mama nitamwacha na mzunguko wake.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayesoma, popote ulipo, hasa kama umelelewa vizuri. Ukikutana na mtu usiyemjua akakupa maneno ya kumfikishia mwingine, usiyapime kwa adabu za kwenu. Usiyapake mafuta. Yabebe yalivyo, machungu au machafu, uyamwage palepale mlangoni, hata kama mdomo unakuungua. Na ukiulizwa, "Ni hayo tu?", tafadhali, geuka kwanza uone ni nani aliyesimama nyuma yako. Usije ukajibu haraka kama mimi.